UDONGO UKICHOKA, KIBARUA HUPOTEA



Mahindi yakipungua twalaumu mvua, bei na tajiri. Safari hii twawaomba mtazame chini, pale mnapokanyaga.

Naitiri twalima mashamba yaliyokuwa ya walowezi, yakagawanywa miaka ya 1960. Tangu hapo ni mahindi juu ya mahindi, na wengi wetu kila msimu twatia DAP. Mbolea hiyo huleta fosforasi ya kukuza mizizi, lakini amonia iliyomo hugeuka asidi udongoni, na mvua zetu nyingi huosha chokaa ya asili. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hushikwa udongoni isiufikie mmea. Yaani mkulima anunua mbolea, udongo wamnyima. Wataalamu wamekuta hali hiyo katika mashamba mengi ya Bungoma na Trans Nzoia.

Msidhani ni jambo dogo. Kusini mwa nchi iitwayo leo Iraki, Wasumeri walijenga baadhi ya miji ya kwanza duniani, wakiilisha kwa mashamba ya mifereji. Maji yale yaliacha chumvi, kidogo kidogo, kwa karne nyingi. Ngano haivumilii chumvi, wakashika shayiri. Shayiri nayo ikapungua. Kufikia mwaka 1700 K.K. ngano ilikuwa karibu imetoweka huko kusini, na nguvu ya utawala imehamia kaskazini, Babiloni. Vita vilikuwapo, na watawala wabaya pia (nani hana?), lakini mji wenye ghala tupu hauna cha kumlipa askari wala mfinyanzi.

Kwetu atakayeumia kwanza ni kibarua. Magunia yakipungua kwa eka, tajiri hauzi gari lake. Hupunguza watu wa kupalilia na kuvuna. Halafu kinu cha posho hukosa kazi, na duka hukosa wa kumkopesha.

Dawa yajulikana: chokaa ya shamba, samadi, na maharage kupokezana na mahindi. Mbona haitumiwi? Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hatatia chokaa ili faida imfikie mwingine, na mwenye shamba yuko mjini angojea kodi yake. Serikali nayo imeuza mbolea ya ruzuku tangu 2022, na mwaka 2023 gunia la kilo 50 likashuka hadi shilingi 2,500. Hilo ni jema, twashukuru. Lakini mbolea bila chokaa katika udongo wenye asidi ni kutia maji kwenye pakacha.

Kwa hiyo wajumbe wetu wakikaa na matajiri wasidai mshahara tu. Wadai udongo upimwe kabla ya kupanda na majibu yasomwe mbele ya wafanyakazi. Wadai mkataba wa kukodi shamba usipungue miaka mitatu, na chokaa iandikwe ndani yake. Tajiri akisema hana fedha, aulizwe alivuna magunia mangapi kwa eka miaka 10 iliyopita, na sasa avuna mangapi.