Ufito Uliovunjika Usitupwe



Juzi nilipotoka ofisini nilimkuta mwanangu nyuma ya jiko, amefunika kitu kwa gunia. Ulikuwa ufito wetu wa kuvulia samaki, umevunjika karibu na katikati. Ndoana ilinasa katika matete, naye badala ya kuushika mshipi kwa mkono akavuta kwa nguvu za ufito. Alidhani nitampiga. Lakini kilichonitia hofu si mwanzi, bali maneno ya jirani aliyekuwa amesimama uani: “Mbona msichukue chandarua, mkakokota mara moja tu?”

Ninyi mnaokaa katika skimu za Lugari na Trans Nzoia mnayajua mabwawa yaliyochimbwa na walowezi kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 ili kunywesha ng’ombe. Mengine yana tilapia na kambare, kitoweo kizuri kwa watoto waliochoka na ugali na mboga. Mimi naona, na anayetaka kunibishia na anibishie, kwamba bwawa la namna hii huanza kufa siku ile ufito unapovunjika nyumbani na kutupwa. Ndoana humtoa samaki mmoja mmoja. Chandarua huzoa wote, hata vifaranga. Tena tilapia jike wa aina inayofugwa sana kwetu huatamia mayai yake kinywani, basi ukimkokota yeye umekokota na kizazi chake. Na vyandarua vingi vya siku hizi vina dawa ya mbu, ambayo ni sumu kwa samaki.

Basi tuliutengeneza jioni ile ile. Mwanzi ni mtupu ndani, isipokuwa penye fundo. Kata sehemu zilizopasuka mpaka ufikie mwanzi mzima. Chonga kijiti cha mti mgumu uliokauka, urefu wa inchi 6, kiingie inchi 3 kila upande. Kiingie kwa kubana kidogo tu. Ukikipigilia kama kigingi mwanzi utapasuka tena. Fundo likizuia, litoboe kwa waya uliopashwa moto. Miisho ya kijiti iwe myembamba, kwa maana kijiti kinene mpaka mwisho hakipindi, na ufito utavunjika kando yake. Paka gundi ya mbao, uchomeke.

Kisha funga kwa uzi imara, kuanzia inchi moja kabla ya mahali kijiti kilipoanzia hadi inchi moja kupita kilipoishia, kila mzunguko ukigusa mwenzake. Ikibaki mizunguko kama minane, laza kitanzi cha uzi mwingine juu ya mwanzi, uendelee kuzungusha juu yake. Pitisha mwisho wa uzi ndani ya kitanzi, ukivute, nao utaingia chini ya mizunguko. Hakuna fundo la kufunguka. (Mke wangu alikaza kuliko mimi; vidole vya karani vimezoea kalamu.) Paka vanishi, na kama huna, sugua nta ya nyuki.

Halafu uache mpaka kesho yake jioni. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Mwanangu aliamka alfajiri akitaka kwenda bwawani, nikamkatalia, akanuna siku nzima.

Jumamosi alirudi na tilapia watatu. Ufito ni mgumu kidogo pale tulipofunga, lakini umeshika. Jirani aliutazama sana, akauliza kama uzi umebaki. Nilimpa wote.