King'ora cha Mto Kiko Wapi?

Usiku wa kuamkia 24 Aprili 2024, mto ulipofurika, wakazi wengi wa Mathare waliarifiwa na magodoro yao. Godoro likilowa, unaamka. Ukiamka, unakuta maji yako magotini, mlango umebanwa na tope, stima imepotea na mtoto analia gizani. Hakuna king'ora kilichowaamsha.

Sasa tazama wenye mashua za matanga za starehe. Hata wakiwa watatu tu baharini, kila mmoja anaweza kuvaa kifaa kidogo kama saa ya mkononi, kinachowasiliana bila waya na mtambo uliofungwa ndani ya mashua. Mmoja akitumbukia, mawasiliano yanakatika, king'ora kinalia papo hapo, na mtambo unaweka alama mahali alipoangukia ili wenzake wageuze mashua na kumrudia. Hakuna anayesubiri kupambazuke ndipo ahesabu watu. Aliyetengeneza kifaa hicho alijua jambo ambalo sisi pia tunalijua: jirani aliyelala hawezi kukuokoa mpaka aamshwe.

Watu watatu wana king'ora. Maelfu wanaolala kando ya Mto Mathare, kupitia Huruma na Korogocho hadi Dandora, na wenzao wa Mukuru kando ya Mto Ngong, hawana.

Kinachokera zaidi ni kwamba maji haya hayatoki ardhini kwa muujiza. Chukua mfano wa Mto Nairobi: unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, maji yana safari ya kufika. Yanapita vitongoji, yanapita katikati ya jiji, yanapita Gikomba, ndipo yafike Dandora. Sisi huku chini huenda hata hatujaona tone. Kwa hiyo kuna muda. Tuseme ni dakika ishirini tu. Dakika ishirini zinatosha kumbeba nyanya, kuwaamsha watoto, kuchukua kitambulisho na vyeti vya shule, na kupanda hadi barabarani.

Kinachotakiwa si roketi. Funga kipimo cha maji kwenye daraja la huko juu mtoni, kitume ishara bila waya maji yakivuka alama nyekundu, na king'ora kilie huku chini, juu ya mnara wa msikiti, paa la kanisa au shule. Kitumie betri na umeme wa jua, maana stima hukatika saa ile ile mvua inapozidi. Kijaribiwe Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, ili kila mtoto aijue sauti yake na njia ya kukimbilia. Mafundi wa Kamukunji wanaotengeneza masanduku na majiko kutwa kucha hawatashindwa na nguzo ya kukishikilia.

Visingizio tumevisikia. Cha kwanza: wahame. Mei 2024 serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaja. Leo kando ya mto bado kuna watu, kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu na kazi iko karibu. Hoja ya kuhama iendelee, lakini anayelala pale leo usiku aamshwe leo usiku.

Cha pili: vifaa vitaibwa viuzwe kama vyuma chakavu. Vitaibwa vikifungwa na mkandarasi asiyejulikana kisha vikatelekezwa. Imamu, mchungaji na mzee wa Nyumba Kumi wakikabidhiwa, vitalindwa kama spika za ibada zinavyolindwa.

Cha tatu: tunatuma ujumbe kwa simu. Saa nane usiku simu imezimwa, au haina chaji. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa unasaidia sana, ila unasema mvua kubwa itanyesha Nairobi wiki hii. Hausemi maji yamefika daraja lako.

Na pesa? Machi 2025 Rais alizindua mradi wa kuufufua Mto Nairobi, ukitajwa kuwa wa takriban shilingi bilioni 50. Vijana wa mpango wa serikali wa Climate WorX waliingia mtoni kuzoa taka. King'ora kikose nafasi katika hesabu hiyo?

Tuongeze jambo moja, maana sauti peke yake haitoshi. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, 29 Septemba 2019, gari lenye mama na bintiye mdogo liliteleza kutoka kwenye feri likatumbukia. Watu waliona. Simu zilirekodi. Gari lilitolewa 11 Oktoba. Kujua papo hapo bila mtu aliye tayari hakukuwafaa kitu. Basi kila king'ora kiwe na kikosi chake: vijana kumi wa mtaa waliofunzwa, wenye kamba, tochi na jaketi za kuelea, wanaojua ni ploti gani ina mzee asiyeweza kutembea. Vijana hao tunao, tena wengi wao ndio waliotoa watu majini 2024 kwa mikono mitupu.

Mvua ya masika huanza Machi. Kaunti ya Nairobi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji wafunge king'ora cha kwanza Mathare kabla ya hapo, watutangazie siku ya kukijaribu, nasi tutatoka nje kukisikiliza.