Mganga na Ajigange Kwanza

Msomaji kijana, huenda wewe u mmoja wa wale ambao wakiulizwa watakuwa nini ukubwani hujibu mara moja kuwa watakuwa madaktari. Nia hiyo ni njema. Lakini kabla hujalivaa koti jeupe, sikiliza neno lisilo tamu: koti jeupe halimtakasi alivaaye.

Ndani ya pua ya mwanadamu huishi bakteria wa namna nyingi. Mmoja wao ni stafilokokasi, jina lililotolewa mwaka 1882 na Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Aberdeen, aliyekuwa amemwona katika usaha. Yapata watu watatu katika kila kumi humchukua puani bila homa wala maumivu. Akikaa hapo hana neno. Lakini kidole hugusa pua, kisha kidole hicho hugusa kidonda, na aliyekuwa mpole puani huwa adui katika damu.

Uchunguzi uliofanywa katika vyuo vya utabibu vya nchi nyingi umewakuta wanafunzi wakimchukua bakteria huyu, na baadhi yao wakimchukua aliye sugu, ambaye dawa za kawaida hazimwui tena. Wanafunzi hao hawaumwi, na kwa sababu hawaumwi hawajishuku. Hutoka kitanda hata kitanda, wakichukua elimu kwa mkono mmoja na maradhi kwa mkono wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu yu karibu kuliko nguo.

Usugu huo ulitoka wapi? Dawa huwaua bakteria wanyonge na kuwaacha wenye nguvu, nao hubaki wakizaana. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kipimo haba cha dawa huwazoeza bakteria kuishinda. Mwaka 1959 ilitengenezwa methisilini ili kuwapiga walioishinda penisilini. Kufika mwaka 1961 Uingereza ilikuwa imekwisha kumwona stafilokokasi aliyeishinda hiyo nayo. Wataalamu wamekadiria kuwa katika mwaka 2019 peke yake watu kama 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu.

Nani alaumiwe? Wasomi hupenda kumnyoshea kidole mtu maskini anunuaye vidonge vinne dukani badala ya dozi nzima. Kosa hilo lipo. Lakini yule anunuaye vinne hana fedha ya kununua zaidi. Je, yuko wapi udhuru wa msomi ajuaye kuwa mafua huletwa na virusi, na bado hunywa dawa ya bakteria kuyatibu? Maskini hukosa kwa uhaba; msomi hukosa kwa kiburi. Elimu isiyofika mikononi ni pambo la kichwa.

Wala onyo hili si jipya. Mjini Vienna, mwaka 1847, Ignaz Semmelweis alitambua kuwa wanawake waliozalishwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa wengi kuliko waliozalishwa na wakunga. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini. Mwaka 1846 walikuwa wamekufa wazazi kama 11 katika kila 100 wa wodi ile. Mwaka 1848 hawakufika wawili. Hata hivyo wakubwa wengi wa utabibu walimkataa, kwa maana ilikuwa vigumu kwa bwana mkubwa kukubali kuwa mkono wake mwenyewe ulikuwa unaua.

Wapo watakaosema, basi kila mwanafunzi na apakwe dawa puani. La. Mupirosini, dawa ya kupaka itumiwayo kwa kazi hiyo, nayo imekwisha kushindwa na baadhi ya bakteria. Ikitapanywa ovyo itapotea kama zilizotangulia. Wengine watasema si haki kumlaumu mtu kwa kiumbe asichokiona. Kweli, kuchukua si kosa. Kosa ni kujua na kupuuza.

Kwa hiyo kunawa mikono kusiwe neno la kutajwa siku moja darasani na kusahauliwa. Na kutahiniwe kama vile mifupa na mishipa inavyotahiniwa, na ashindwaye asiguse mgonjwa. Nao wakubwa wasijitoe: chuo kinachofundisha kunawa, na bomba la wodi yake ni kavu, kinafundisha uongo.

Nawe usingoje mpaka uingie chuoni. Mwenzako wa bweni akikupa vidonge vilivyobaki katika dozi yake, vikatae. Daktari akikuandikia dawa, inywe kama alivyoagiza. Na kabla ya kugusa kidonda cha mtu, nawa. Husemwa kuwa mganga hajigangi. Ikiwa maana yake ni kwamba kila mtu humhitaji mwenziwe, methali hiyo ni hekima. Ikiwa maana yake ni kwamba mganga hana la kutazama nafsini mwake, basi ni heri ugonjwa wako ukutwe na mkunga aliyenawa kuliko profesa asiyenawa.