Taifa la Wakimbiaji Lisilojua Kuogelea

Siku za bamvua, maji ya ufuo wa Shelly, Likoni, hujaa kabla ya alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi yamekwisha kupwa hata miamba ikaonekana. Kwa hiyo mtu anayetaka kuogelea masafa marefu kabla ya kwenda kazini hana budi kuamka usiku, ajitose mara tu kunapopambazuka, na arudi nchi kavu kabla maji hayajamkimbia. Ndivyo nifanyavyo mara tatu kwa juma tangu mwaka uliopita, mimi mwalimu wa Kiswahili na Historia, mwenye umri wa miaka 46, watoto watatu, na kitambi ambacho wanafunzi wangu wamekwisha kukitungia majina.

Ninajiandaa kwa mashindano ya trayathloni, yaani michezo mitatu inayofanywa kwa mfululizo bila mapumziko. Ninanuia kushiriki yale ya Rubavu, nchini Rwanda, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza Agosti 2022 kando ya Ziwa Kivu. Mshiriki huogelea kilomita 1.9, akatoka majini na kupanda baiskeli kwa kilomita 90, kisha akakimbia kilomita 21.1. Jumla ni kilomita 113, na hiyo ni nusu tu ya masafa kamili. Kwa kawaida mtu hupewa saa nane na nusu kuyamaliza yote. Asiyetoka majini katika muda wa saa moja na dakika kumi huondolewa mashindanoni, hata awe na miguu ya swala.

Msomaji ana haki ya kuuliza mambo haya yana uhusiano gani na ukurasa huu, ambao kazi yake ni kuyapima masuala ya nchi. Lau ningekuwa nazungumzia kitambi changu, ningemshauri afunge gazeti. Lakini hilo sharti la saa moja na dakika kumi ndilo lililonifungua macho. Kila ninayemwambia habari za mashindano haya hunijibu kwa tabasamu: "Mwalimu, wewe ni Mkenya, mbio si tatizo!" Hapana anayetambua kwamba mbio huja mwisho. Ili Mkenya afike kwenye mbio, sharti kwanza avuke maji.

Nayo maji, ndugu zangu, hatuyajui.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Kenya ilipata nishani 11, nne zikiwa za dhahabu, na zote zilitoka katika riadha. Ukizichunguza nishani zetu zote za Olimpiki, kuanzia ile ya Wilson Kiprugut mwaka 1964, utaona zimetoka katika michezo miwili tu: riadha na ndondi. Ya kuogelea hakuna. Ya baiskeli hakuna. Aliyetufikisha mbali zaidi majini ni Jason Dunford, aliyemaliza wa tano katika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo kule Beijing mwaka 2008, kisha akatwaa dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi mwaka 2010. Tulimshangilia, tukamwita shujaa, kisha tukarudi kwenye kiwanja cha riadha.

Wapo wasemao kwamba haya ni maumbile, kwamba Mwafrika hakuumbiwa maji. Hoja hiyo haina mashiko. Mvuvi wa Vanga au wa Lamu hajui habari hizo za maumbile anapojitupa kutoka mashuani kwenda kuufungua wavu ulionasa. Sababu zetu ziko mahali pengine, na katika kisa changu naijua tarehe yake.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka asubuhi kikiwa kimesheheni watu waliokuwa wakienda kazini kisiwani. Watu 272 walifariki. Mimi nilikuwa darasa la nane, na kwetu ni Mtongwe. Sitasimulia niliyoyaona siku hiyo na siku zilizofuata. Waliokuwako wanayajua na wasiokuwako hayatawafaa. Nitasema tu kwamba baada ya mazishi, mama alitoa amri nyumbani: asionekane mtoto wake akikanyaga maji ya bahari. Amri kama hiyo ilitolewa katika nyumba nyingi mtaani petu. Tukakua tukiitazama bahari kama jirani mwenye mbwa mkali, ambaye humwamkii ila kwa mbali.

Simlaumu mama. Wala sidai kwamba kuogelea kungewaokoa wote waliokuwa kivukoni. Chombo kilipakia watu kupita kiasi, na mtu aliyebanwa na wenzake chini ya chuma hawezi kuogelea hata angekuwa samaki. Kosa hilo halikuwa la abiria. Hata hivyo nimejiuliza mara nyingi: hofu iliyotushika baada ya msiba huo ilitulinda na nini? Tuliendelea kuvuka kila siku. Nimevuka Likoni kwa miaka zaidi ya 20, asubuhi na jioni, nikiwa nimesimama katikati ya umati, sijui hata kuelea dakika moja. Tulikatazwa kuyajua maji, lakini hatukuweza kukatazwa kuyapita.

Aliyenifundisha ni mvuvi mmoja mzee, jirani yangu. Nilipomwendea na miwani yangu mipya ya kuogelea, alinitazama kwa muda, akaniambia niivue. "Mwalimu, maji hayapiganwi," alisema. "Yalalie kwanza." Majuma matatu ya mwanzo hatukuogelea. Nililala chali, yeye akiishika shingo yangu kwa vidole viwili, hadi siku niliyogundua kwamba vidole havipo na mimi ningali juu ya maji. Nikiwa mtu mzima, mwalimu wa watu, nililia. Bahati nzuri uso ulikuwa umelowa tayari.

Hapo ndipo mazoezi ya kweli yalipoanza: mita 50, kisha 100, kisha kutoka boya hadi boya. Sasa ninamaliza kilomita mbili kwa dakika 58, ndani ya miamba, maji yakiwa yametulia. Hilo halinipi kiburi. Maji ya chumvi humbeba mtu kuliko maji ya ziwa, na Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo pumzi ya mtu wa Pwani huisha mapema. Zile dakika 12 zilizobaki ndizo akiba yangu yote.

Kuhusu baiskeli nitasema kidogo, kwa kuwa hasira hunishika. Nimenunua ya mtumba, yenye gia zinazokwama, nami hupanda alfajiri ya Jumapili katika barabara ya Likoni kuelekea Ukunda na Msambweni. Mwezi wa tatu wa mazoezi, trela lilinipita kwa karibu mno nikaingia mtaroni. Nikaumia bega, na dereva hakutazama nyuma. Mwanafunzi anayeendesha baiskeli kwenda shuleni katika barabara hiyo hana hata kofia ya kinga kichwani. Tunapenda kujivunia kwamba Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza milima ya Kikuyu pamoja na David Kinjah, na akavaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006. Lakini alipoyashinda mashindano makuu ya Ufaransa mara nne, kati ya 2013 na 2017, alikuwa Mwingereza. Rwanda, ambayo ni ndogo kuliko kaunti zetu kadhaa, iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali Septemba 2025, ya kwanza katika bara hili. Sisi bado tunabishana kama mwendesha baiskeli ana haki ya kuwa barabarani.

Turudi majini, maana huko ndiko kuna uhai na kifo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo ilitokea katika nchi zisizo tajiri. Miongoni mwa mambo ambayo shirika hilo hupendekeza ni kuwafunza watoto wa umri wa kwenda shule misingi ya kuogelea na usalama wa majini. Kwetu Kenya wanaokufa maji si watalii. Ni mtoto aliyetumwa mtoni, mchunga mbuzi katika silanga wakati wa joto, mvuvi wa Ziwa Victoria, mwanafunzi aliyetoroka na wenzake kwenda kuogelea likizoni.

Nao mtaala hauna la kujitetea kwamba haukujua. Kuogelea kumetajwa katika masomo ya shule za msingi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Neno "sayansi" hapo lina uzito. Lakini ukienda katika shule nyingi za umma utakuta mpira mmoja wenye viraka, uwanja wa vumbi, na mwalimu mmoja anayefundisha michezo kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Kuogelea husomwa ubaoni. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtoto akipata alama nzuri kwa kutaja mitindo minne ya kuogelea, ilhali hajawahi kuingia katika maji yanayopita magoti.

Wakubwa watasema: vidimbwi ni ghali. Kweli, ni ghali, na nisingependa shule isiyo na vyoo vya kutosha ichimbe kidimbwi. Lakini nani amesema lazima kiwe kidimbwi cha vigae vya buluu? Nchini Bangladesh wamewafunza watoto wa vijijini ndani ya mabwawa ya kawaida, kwa kujenga majukwaa ya mianzi ambamo mtoto husimama bila kuzama. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafunza wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kwa mavazi yanayokubalika na wazazi wao, hivyo wale wanaosema dini na mila zinakataza wana mfano wa kutazama, tena wa jirani. Sisi wa Pwani tuna bahari, miamba inayoyatuliza mawimbi, na wavuvi wanaojua kila shimo na kila mkondo. Tunakosa ratiba, kamba, maboya machache, na mtu wa kutia sahihi.

Huyo wa kutia sahihi ndiye taabu. Wanafunzi wangu waliponiona pwani, sita waliniomba niwafundishe. Niliiandikia shule moja ya kibinafsi, isiyo mbali na kwetu, yenye kidimbwi kinachokaa kitupu kila Jumamosi. Jibu lilikuwa la adabu: bima yao haiwahusu watoto wa nje. Nikaandika ombi la kuwapeleka ufuoni wakati wa kipindi cha michezo, maji yakiwa ya kiuno, pamoja na mvuvi yule na walimu wawili. Likakataliwa pia. "Mwalimu, mtoto akizama utasema nini?" niliulizwa. Swali hilo si la kupuuzwa. Aliyeniuliza ni mtu mwema, na anajua kwamba ajali moja ingezika kazi yake na yangu. Lakini nilitamani kumuuliza naye: mtoto akizama Desemba, likizoni, bila mwalimu, tutasema nini? Utaratibu wetu humwadhibu aliyejaribu, na haumgusi yeyote kwa mtoto ambaye hakufundishwa. Maadamu mambo yako hivyo, kila mwalimu mwenye busara ataendelea kufundisha kuogelea ubaoni. Wizara ndiyo iwezayo kulibadilisha jambo hili, kwa waraka unaoeleza kina gani cha maji kinaruhusiwa, watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, vifaa gani viwepo, na mwalimu aliyeyafuata masharti analindwaje.

Wakati tukiusubiri waraka huo, wazazi wa watoto wanne kati ya wale sita waliandika ruhusa kwa mikono yao, na sasa tunakutana Jumamosi, si kama shule bali kama majirani. Hatuendi mbali. Hakuna anayefundishwa kushinda. Wanafundishwa kulala chali, kupumua, na kurudi. Binti mmoja, mwembamba kama unyasi, amekwisha kunipita kwa mtindo. Nadhani yeye ndiye angestahili kwenda Rubavu.

Jumamosi iliyopita mama alikuja. Ana miaka 71, na sikumwalika. Alikuta tumo majini, akaketi juu ya mkeka chini ya mti, taulo zetu mapajani, akaanza kuhesabu vichwa kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, wanne, na wangu wa tano, na wa mzee wa sita. Alipofika sita alianza upya. Alihesabu hivyo kwa muda wa saa nzima. Tulipotoka hakusema lolote kuhusu amri yake ya 1994. Aliuliza tu maji yatajaa saa ngapi juma lijalo. Nikamwambia ni maji mafu, yatajaa mnamo saa tano asubuhi. Akasema basi atakuja na chai.