HERUFI HAZINA UBATIZO

Ndugu wanaushirika,

Darasa la kisomo limepungua. Wazee watatu niliowauliza wamenijibu kitu kimoja: mwalimu ni Mkristo wa Masasi, na hizo a-e-i-o-u ni za kanisa.

Maneno hayo hayakuzuka bure. Wamisioni wa Kiingereza walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliotolewa utumwani, na huko kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. Hata Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa "wasomaji". Sisi wa pwani tulikuwa tayari tunaandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Marehemu babu yangu aliweka hesabu ya nazi zake hivyo hivyo. Wajerumani waliposhika herufi za Kizungu maofisini, mtu wa chuoni akaamka haambiwi tena kwamba anajua kusoma. Uchungu huo naujua.

Lakini jamani! Mimi nilianza kisomo nina miaka thelathini na saba, kwa sababu ya ufuta. Nilitia dole gumba kwenye karatasi ya mizani, kumbe kilo zilizoandikwa siyo zangu. Yasini nimeihifadhi, stakabadhi siijui.

Mwalimu huyu hajatufundisha sala hata moja. Adhana ikilia anasimamisha somo, anatungoja. Anachotufundisha ni kusoma kilo.

Msimu wa ufuta unakaribia. Darasa ni Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri, pale ghalani. Wazee wale watatu, nimewawekea daftari.

Katibu wa Chama,
Kiswere