ORDINATERI HAITAFIKIRI PAHALI PETU



Muhula uliopita kulikuwa manung'uniko mengi katika sekisio yetu ya komersiale. Mwalimu alitutangazia kwamba atatufundisha kutengeneza tablo ya makadirio kwa ordinateri, yaani kuonyesha mbele ya wakati namna pesa ya kazi fulani itaingia na namna itatoka. Tulifurahi sana. Lakini juma la kwanza: kreyo na rula. Juma la pili: kreyo na rula. Juma la tatu: tena kreyo na rula! Wengine wakaanza kusema: "Huyu mwalimu anatupotezea wakati. Ordinateri iko, juu ya nini tuchore mistari sawa watoto wa primeri?" Mimi pia nilisema hivyo, sitaficha.

Leo ninaandika kusema kwamba tulikosa, na mwalimu alikuwa na haki. Tena nataka kuongeza neno: masomo haya hayapashwi kubaki kwa komersiale peke yake. Yanafaa wa pedagoji, wa siyansi na kila mtu ambaye siku moja ataombwa kutoa pesa yake juu ya karatasi nzuri.

KITU HIKI KILITOKA WAPI?

Wengi wanafikiri tablo ya ordinateri ni uchawi wa wazungu. Lakini ilizaliwa mbele ya ubao, kama huu wetu. Mwaka 1978, Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Aliona namna mwalimu alivyoandika tablo ya hesabu ubaoni: akibadilisha hesabu moja tu, alipashwa kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza: ingekuwa vizuri ubao ujifutie na kujiandikia wenyewe. Pamoja na rafiki yake Bob Frankston akatengeneza programu iliyoitwa VisiCalc, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1979. Excel na nyingine zote tunazozijua zilifuata njia hiyo.

Basi sikilizeni vizuri. Kazi ya ordinateri ni kufuta na kuandika upya, upesi sana. Haijui kama kuku wako wanakufa. Haijui kama barabara imekatika na mvua. Ukiiambia uongo, itazidisha uongo ule bila kukosea hata sentimu moja.

TUCHUKUE MFANO WA KUKU

Tuseme kikundi cha wanafunzi kinataka kufuga kuku 100 wa nyama. Kifaranga kimoja ni dola 1.50, basi vyote ni dola 150. Kila kuku atakula kilo 4 mpaka kuuzwa, na kilo ni dola 0.90, basi chakula ni dola 360. Dawa, chanjo na makala ya kupasha joto ni dola 60. Jumla ya matumizi ni dola 570. Kuku mmoja tutamuuza dola 7. Mia moja mara saba ni 700. Faida: dola 130. Wote wanapiga makofi!

Lakini ngojeni kwanza. Tufute hesabu moja tu. Wakifa kuku 10 kisha kula karibu chakula chote, tutauza 90, yaani dola 630. Faida inashuka mpaka 60. Sasa tufute nyingine: bei ya chakula ipande toka 0.90 mpaka 1.05. Chakula kinakuwa dola 420, matumizi yote 630. Faida ni sifuri. Tumeamka saa kumi za asubuhi majuma sita juu ya sifuri! Na wakifa 20 pahali pa 10, tunapoteza dola 70.

Tena kuna jambo la franka. Chakula tunakinunua kwa bei ya dola, lakini kuku tunamuuza kwa franka, na mara nyingi kwa deni. Tuseme siku ya kuuza dola moja ni franka 2,000, kuku ni franka 14,000. Tumeuza 90, wanatudai... hapana, sisi ndio tunawadai franka 1,260,000. Wakilipa kisha mwezi, na dola imefika 2,200, pesa ile ni dola 573 tu, si 630. Faida ya dola 60 imekuwa dola 3, na hakuna mtu aliyeiba. Musiseme haiwezekani. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilifika karibu 1,600. Wazazi wetu wanakumbuka.

Hesabu hizi zote nimezifanya kwa kreyo. Ordinateri ingezifanya upesi zaidi, lakini swali la "wakifa je?" na "dola ikipanda je?" lisingetoka kwake. Ni mtu anayeuliza.

KARATASI ILIYOMKOSESHA MAMA MDOGO MBUZI WAKE

Sasa nieleze juu ya nini jambo hili linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi kimoja (sitakitaja) kilizunguka kwa watu kikiomba kila jamaa itoe pesa kununua mashine ya kusaga. Walikuwa na karatasi iliyotoka kwa ordinateri, mistari imenyooka, rangi kichwani, na chini faida kwa herufi nzito. Mzee mmoja aliuliza swali, akajibiwa: "Papa, hii imehesabiwa na mashini, haiwezi kukosea." Akanyamaza. Mama yangu mdogo aliuza mbuzi wawili akatoa pesa. Mashine ilisaga miezi michache, kisha ikasimama. Pesa haikurudi mpaka leo.

Alikuwa ameihifadhi karatasi ile ndani ya Biblia yake. Likizo iliyopita nilimwomba aniachie niitazame. Nilichukua kreyo, nikajumlisha matumizi mstari kwa mstari. Nikapata hesabu kubwa kuliko ile iliyoandikwa. Nikarudia mara tatu. Halafu nikaona: mstari wa mwisho, wa mazuti, ulikuwa umeandikwa vizuri kabisa, lakini haukuingia katika jumla. Nafikiri mtu aliuongeza nyuma, na formula haikufika pale. Tena walidhani mashine itasaga sawasawa miezi yote 12, hata wakati mavuno hayajafika na watu hawana mahindi ya kusagisha.

Nilipomwonyesha, mama mdogo hakukasirika. Alisema tu: "Kumbe hata mimi ningeweza kuhesabu hii." Neno lile halijanitoka moyoni. Alikuwa anauza mihogo sokoni miaka mingi, kujumlisha anajua. Alichokosa ni ruhusa ya kuitilia mashaka karatasi.

HATA WAKUBWA WANAKOSA

Tusifikiri ni watu wa kijiji tu. Mwaka 2010 maprofesa wawili wa Harvard, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa maandiko juu ya madeni ya mataifa. Walionyesha kwamba nchi zenye deni kupita asilimia 90 ya mapato ya taifa, uchumi wao kwa wastani ulirudi nyuma kidogo, asilimia 0.1. Wakubwa wa serikali walitumia maneno yale kutetea kupunguza matumizi. Mwaka 2013, Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la kurudia hesabu yao. Hakupata jibu lao. Akawaomba tablo yenyewe, wakamtumia. Akakuta formula ya wastani imeacha nchi tano kati ya 20! Pamoja na walimu wake akaona tena makosa mengine katika kuchagua na kupima hesabu. Wakirekebisha yote, uchumi ule uliongezeka asilimia 2.2. Maprofesa walikubali kosa la formula, ingawa waliendelea kutetea wazo lao kwa ujumla.

Angalieni: aliyeona ni mwanafunzi aliyekuwa anafanya devuari yake. Na maprofesa walitoa tablo yao, hawakuificha. Mambo mawili hayo ndiyo ninayoyatamani katika shule yetu.

TUFANYE NAMNA GANI?

Kwa maoni yangu, kila tablo ya makadirio itakayotengenezwa hapa ifuate mambo haya:

1. Juu kabisa kuwe na fasi inayoitwa TUNAYODHANI. Pale tuandike kila bei na kila hesabu tuliyoiweka, na ilitoka wapi: soko gani, siku gani, nani alisema.

2. Tusifiche hesabu ndani ya formula. Bei ya chakula ikae katika kisanduku chake peke yake, na formula ije kuichukua pale. Ikibadilika, tunabadilisha fasi moja tu, na kila mtu anaona.

3. Jumla ihakikishwe mara mbili, kwa kwenda chini na kwa kwenda kando. Majibu mawili yasipokutana, kuna kosa.

4. Tuonyeshe sura tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kwa kawaida, yakienda vibaya. Anayeleta sura moja tu, yeye ni mchuuzi.

5. Tuhesabu pesa mwezi kwa mwezi, si faida ya mwisho tu. Kwa kuku wetu, karibu dola zote 570 zinatoka mbele ya franka ya kwanza kuingia. Wengi wanaanguka katikati ya njia, na huku kwa karatasi ni matajiri.

Wengine watasema: "Shule haina ordinateri za kutosha, na umeme unakatika." Ndiyo maana nasema kreyo kwanza. Mambo hayo matano yote yanawezekana katika kayé. Siku umeme ukiwepo, kuna programu kama LibreOffice Calc ambayo hailipishwi. Anayejua kufikiri tablo ataijifunza kwa siku chache. Lakini anayejua kubofya tu, bila kufikiri, atatengeneza karatasi kama ile ya mama mdogo.

Wengine tena, ndugu wa maombi, waliniuliza: kuhesabu mambo ya kesho si kumpima Mungu? Kweli, Yakobo katika sura ya 4 anakemea wafanyabiashara wanaojivunia faida ya mwaka ujao kama vile kesho ni mali yao. Lakini Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anatoa mfano wa mtu wa kujenga mnara anayepashwa kukaa kwanza na kupiga hesabu. Na Yusufu kule Misri alipanga miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa, akaweka kando sehemu ya tano ya mavuno. Mimi naona hakuna mgongano. Tablo yenye sura ya tatu, ile ya mambo kwenda vibaya, ni tablo inayokiri kwamba kesho si yetu. Ile ya faida peke yake ndiyo yenye kiburi.

Basi naomba jambo moja kwa kamati ya wanafunzi na kwa wakubwa wa shule. Kikundi cha kuku kimeandika mradi wake, na hivi karibuni wazazi wetu wataombwa mchango. Kabla ya kuwaomba, tablo yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pamoja na TUNAYODHANI yake yote. Kila mwanafunzi aende na kreyo yake. Atakayeona kosa, hata awe wa darasa la saba, asikilizwe na ashukuriwe, asichekwe. Mimi mwenyewe niko katika kikundi kile, na ni mimi niliyeandika sehemu ya chakula. Njoni munikosoe mbele ya mama zenu kuuza mbuzi.

Mungu awabariki ninyi wote.

Ndugu yenu, mwanafunzi wa komersiale