Saratani ya pua: mionzi ikiisha, kliniki haijaisha

Mgonjwa wa saratani ya pua kutoka Ringwani, wilayani Serengeti, akimaliza tiba ya mionzi na kurudi nyumbani, ndugu na majirani humpokea kama mtu aliyepona. Wana haki ya kufurahi. Hata hivyo, matokeo ya tiba hii hayajulikani siku ya mwisho ya mashine. Yanajulikana baada ya miaka, na ndiyo maana leo tunaeleza kinachofuata baada ya hapo.

Ni ugonjwa gani?

Tunazungumzia saratani inayoanzia ndani ya pua au kwenye mifuko ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso, ambayo wengi huiita sainasi. Si saratani ya kawaida sana, na mwanzoni hufanana na mafua. Pua huziba upande mmoja, damu hutoka mara kwa mara, shavu huvimba, au meno ya juu hulegea. Wengine jicho hutokeza nje au huanza kuona vitu viwili viwili.

Wanaovuta sigara wako hatarini zaidi. Vumbi la mbao nalo lina hatari yake: tangu miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waliona ugonjwa huu umezidi miongoni mwa mafundi wa samani wa mji wa High Wycombe. Mafundi seremala na wapasua mbao wetu wanapaswa kulijua hilo na kufunika pua na mdomo wanapofanya kazi.

Mionzi inafanya nini?

Mara nyingi daktari huanza na upasuaji, kisha mionzi huua mabaki ya saratani. Pale ambapo upasuaji hauwezekani, mionzi hutumika yenyewe au pamoja na dawa za saratani. Kwa kawaida mgonjwa huenda kwenye mashine siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hadi saba. Kila kipindi huchukua dakika chache na hakiumi. Kuruka siku kunaipa saratani nafasi ya kukua tena.

Kwa jumla, katika nchi zenye vifaa vingi, nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo huwa hai miaka mitano baada ya ugonjwa kugunduliwa. Aliyewahi mapema ana nafasi kubwa kuliko huyo wa wastani, na aliyechelewa ana nafasi ndogo. Saratani ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza, na mara nyingi hurudi palepale ilipoanzia.

Madhara ya baadaye

Tatizo ni kwamba pua imezungukwa na macho, ubongo, meno na taya. Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kilifuatilia wagonjwa waliotibiwa kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1990. Zaidi ya mmoja kati ya wanne walipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kutokana na mionzi. Mashine za siku hizi zinaelekeza mionzi kwa usahihi zaidi na zimepunguza sana janga hilo, ila hazijaliondoa kabisa.

Madhara mengine huja polepole: mtoto wa jicho, macho makavu, mdomo mkavu, meno kuoza haraka, taya kukaza, pua kujaa magamba na kupoteza harufu. Mionzi ikiigusa tezi iliyo chini ya ubongo, mtu anaweza kuwa mchovu kupita kiasi miaka kadhaa baadaye, na ndugu wakadhani amezeeka tu. Mengi ya haya yana tiba au nafuu, mradi yagunduliwe.

Umbali na nauli

Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mara. Sasa Hospitali ya Bugando, Mwanza, inatoa tiba hiyo kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mgonjwa haendi mara moja tu. Miaka miwili ya kwanza anahitaji kuonwa kila baada ya miezi michache, kisha kwa nafasi zaidi, na baadaye walau mara moja kwa mwaka. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini kadi ya bima hulipa hospitali, hailipi basi wala chakula cha msindikizaji.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo kazi iliyobaki ilipo. Si kila kipimo lazima kifanyike Mwanza. Macho na meno yanaweza kuangaliwa Mugumu, Tarime au Musoma, ikiwa Bugando itampa mgonjwa maelezo ya maandishi na wahudumu wa wilaya wakajua cha kutafuta. Bila hivyo, mgonjwa hurudi hospitali pale tu anapozidiwa, na mara nyingi muda wa kumsaidia huwa umepita.

Mambo ya kushika

Pua ikiziba au kutoa damu upande mmoja kwa zaidi ya wiki tatu, nenda kituo cha afya na uulize kuhusu rufaa. Kabla ya kuanza mionzi, meno yakaguliwe. Baada ya mionzi, usikubali kung'olewa jino bila kumwambia daktari wa meno kwamba ulitibiwa kwa mionzi, kwa sababu mfupa wa taya unaweza kukataa kupona. Tunza karatasi zote za hospitali mahali pakavu. Na tarehe ya kliniki ikifika, nenda hata kama unajisikia mzima.